Nafsi tatu, Mungu mmoja: hivi Wakristo wanamaanisha nini hasa?

Utatu Mtakatifu kwa kifupi ni hivi: Mungu ni mmoja, na huyo mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na hao sio majina matatu ya mtu yuleyule wala sio miungu mitatu. Shida inaanza ukiuliza sasa tatu ni nini na moja ni nini, maana ukisema Mungu ni watatu na ni mmoja kwa maana ileile basi hesabu imekataa, hata mtoto wa darasa la pili atakucheka.

Kinachohesabiwa hapo ni vitu viwili tofauti. Ukiuliza "ni nini?" jibu ni moja tu, Mungu, umungu mmoja ambao haugawanyiki, yaani sio kila mmoja ana theluthi yake. Ukiuliza "ni nani?" ndo unapata watatu, na hao ndo wanaitwa nafsi. Sasa ukisikia nafsi usifikirie ile roho ya mtu ya ndani, fikiria nafsi ya kwenye sarufi, mimi, wewe, yeye. Fungua Yohana 17, Yesu anasali usiku ule kabla hajakamatwa, anamwambia Baba "wewe" na yeye mwenyewe ni "mimi", na sura ya 14 alishamtaja Roho kama Msaidizi mwingine, mwingine kabisa. Kwa hiyo wapo wanaoongea na wanaoongelewa, sio mtu mmoja anajisemesha.

Ndo maana ule mfano wa maji, barafu na mvuke mi siupendi kabisa, japo walimu wa kipaimara wanaupenda sana. Maji yakishakuwa barafu sio mvuke tena, so ukiufuata mpaka mwisho unapata Mungu anayebadilisha sura, leo Baba, kesho Mwana, na hilo ni fundisho la Sabellius wa karne ya 3 ambalo kanisa lilishalikataa zamani. Angalia tu ubatizo wa Yordani, Mwana yuko majini, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inatoka mbinguni, wote kwa wakati mmoja.

Kuna watu wanasema neno Utatu halipo kwenye Biblia, na ni kweli halipo. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Tunisia ya leo, ndo analitumia kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3. Ila maneno mazito zaidi yalikuja kwa sababu ya ugomvi. Arius, padri wa Alexandria kule Misri, alikuwa anafundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa juu kuliko viumbe vyote sawa, lakini kuna wakati hakuwepo. Na alikuwa na mistari yake ya Biblia, sio kwamba alikuwa anaropoka. Mwaka 325 Constantine, mfalme wa Roma, akaita maaskofu Nicea, leo ni Iznik nchini Uturuki, na shida waliyokutana nayo ni kwamba kila mstari uliosomwa watu wa Arius waliweza kuukubali kwa tafsiri yao, ikabidi litafutwe neno ambalo hawawezi kulimeza. Ndo likaja lile ambalo Wakatoliki wanalisali kila Jumapili kwenye Kanuni ya Imani, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba".

Hapo kwenye kuzaliwa ndo ndugu zetu Waislamu wanauliza, Mungu amezaaje wakati hana mke? Swali la haki kabisa, ila hapo Kanuni ya Imani haizungumzii mimba wala tarehe ya kuzaliwa, inasema kabla ya nyakati zote. Hoja yenyewe ni kwamba unachokitengeneza kinakuwa kitu kingine, ila unayemzaa ni wa asili yako. Kwa hiyo "Mwana" inataja uhusiano, sio umri.

Habari za Roho kwenye Kanuni hiyo zilipanuliwa kwenye mkutano mwingine wa maaskofu, Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mwaka 381, akaitwa Bwana mleta uzima anayetoka kwa Baba. Baadaye Wakatoliki wa Magharibi wakaongeza "na Mwana", Waorthodoksi mpaka leo hawalikubali hilo neno, na ni mada ndefu ya siku nyingine.

Augustino, askofu wa zamani wa Afrika Kaskazini aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu, alikiri mwenyewe kwamba tunasema nafsi tatu sio kwa sababu neno linatosha, ni ili tusikae kimya tukiulizwa "watatu nini?". Mi nadhani hapo ndo pa kushika, haya maneno yanazuia kosa zaidi kuliko yanavyomchora Mungu. Na ukitaka kuyaona yakifanya kazi sikiliza sala za misa, nyingi zinaelekezwa kwa Baba, kwa njia ya Mwana, katika umoja wa Roho Mtakatifu, na hakuna anayedhani ameomba kwenye madirisha matatu.