Kukaimu bila barua: jinsi cheo kinavyopita kwenye faili

Nilipokuwa mwaka wa nne kazini, katika hoteli moja ya Moshi ambayo sitaitaja, msimamizi wa mapokezi aliacha kazi wiki mbili kabla ya msimu wa Julai. Meneja aliniita pembeni, karibu na mizani tuliyokuwa tukipimia mabegi ya wageni wanaopanda mlima, akaniambia, "Dada, shikilia hapo kwanza, tutaangalia." Nilishikilia kwa miezi 14. Nilipanga zamu, nikapokea malalamiko, nikafunga hesabu za usiku na kufundisha wafanyakazi wapya wawili, na muda wote huo mshahara wangu haukuongezeka hata shilingi moja. Mwezi wa 15 akaletwa kijana kutoka Dar es Salaam akiwa na barua yake ya ajira mkononi, nami nikaagizwa nimwonyeshe kazi.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nilionewa, na sehemu ya imani hiyo bado ninayo. Hata hivyo, siku nilipoacha kazi pale niliomba kuliona faili langu, nikakuta karatasi nne: barua ya ajira, nakala ya cheti cha kidato cha nne, fomu ya likizo na barua ya onyo kwa kuchelewa asubuhi moja ya mvua. Miezi 14 ya usimamizi haikuwa na hata mstari mmoja. Mtu ambaye hajawahi kuniona, akilisoma faili lile, angehitimisha kwamba mimi ni mhudumu wa mapokezi anayechelewa.

Sasa ni mwaka wa 11 nikiwa afisa rasilimali watu hapa Arusha, katika kampuni za utalii, na nimeketi kwenye vikao vingi vinavyoamua nani apande na nani asubiri. Katika vikao hivyo swali la kwanza huwa si nani anajituma, kwa sababu wanaojituma ni wengi. Swali la kwanza ni kama nafasi yenyewe ipo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na kama bajeti ya mishahara imeitengea fedha. Nafasi isipokuwepo, sifa zote za mtumishi huishia kuwa pongezi za mdomo. Ikiwepo, mkuu wa idara huulizwa kwa nini apewe huyu na si yule, na hapo ndipo wengi wao hubabaika, wakasema "ni mchapakazi" au "hana matatizo na mtu", maneno ambayo yanaweza kusemwa juu ya nusu ya wafanyakazi wa kampuni. Wewe mwenyewe humo chumbani haumo. Mkuu wako atasema kile anachokikumbuka, na anakumbuka zaidi kile kilichoandikwa.

Ndiyo maana nalizungumzia sana suala la kukaimu. Katika utumishi wa umma kukaimu kuna utaratibu wake, kuna barua, na ukomo wa kawaida ni miezi sita, ingawa kila mtu anamjua ofisa aliyekaimu hadi watu wakasahau kwamba anakaimu. Katika sekta binafsi mambo hutegemea sana mikataba na sera za kila kampuni, na palipo na ukimya mwajiri hana haraka. Kwa upande wake hali hiyo ni nzuri: kazi inafanyika, na mshahara ni uleule. Sisemi kwamba mameneja wote wana hila. Wengi wamesahau tu, kwa kuwa jambo lisilowasumbua haliingii kwenye ajenda.

Unapoambiwa "shikilia hapo", shikilia, lakini jioni ileile andika barua pepe fupi ya heshima. Mimi huwashauri watu waandike hivi: "Meneja, nashukuru kwa kuniamini. Kama tulivyozungumza leo, kuanzia kesho nitasimamia zamu za mapokezi na hesabu za usiku hadi nafasi itakapojazwa. Naomba tukutane baada ya miezi mitatu tuangalie maendeleo." Haina madai wala lawama, lakini imeweka tarehe, majukumu na siku ya tathmini, na meneja asipoikanusha, kukaimu kwako kumepata cheti cha kuzaliwa.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kuweka kumbukumbu, ambayo wengi huiona kama majivuno. Mtu mmoja aliyenifundisha namna ya kuifanya alikuwa mtunza stoo katika kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada lililochakaa, na kila safari iliporudi alipima mboga zilizoharibika kabla hazijatupwa, akaandika tarehe, njia ya mlima na kilo. Aligundua kwamba nyanya za Soko la Kilombero zilikuwa zikinunuliwa zote siku moja kwa safari za wiki nzima, akaomba ununuzi ugawanywe mara mbili. Agosti zilitupwa kilo 38. Oktoba, safari zikiwa karibu idadi ileile, zilitupwa kilo 11. Nafasi ya msimamizi wa ununuzi ilipofunguliwa, mkuu wake aliingia kikaoni na lile kaunta buku, akalifungua mezani, na mjadala haukuzidi dakika kumi. Angalieni kwamba hakuandika "nimefanya kazi kwa bidii". Aliandika kilo, na akahakikisha analinganisha miezi inayolingana, maana angelinganisha Agosti na Aprili ya mvua kubwa, mhasibu angemcheka.

Serikalini nako mwelekeo ni huohuo: OPRAS, utaratibu wa kupima utendaji wa watumishi ulioanza mwaka 2004, imepisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi huzipima. Ukiujaza kwa kubahatisha usiku wa mwisho, umejiandikia mwenyewe faili la karatasi nne.

Yapo pia mambo ambayo kumbukumbu haiwezi kuyafidia. Mgumu, yaani mpagazi anayebeba mizigo Kilimanjaro, anaweza kuijua njia ya Machame kuliko waongozaji wengi, lakini bila leseni hawezi kuandikwa getini kama mwongozaji, hata bosi wake akitaka. Mhasibu msaidizi asiye na cheti cha bodi ya wahasibu yuko katika hali hiyohiyo. Uliza mapema ni sifa gani ya karatasi inayotakiwa, kwa sababu kozi huchukua miezi na nafasi hujazwa kwa wiki.

Kuhusu kabila na undugu, ambao huku kwetu hutajwa kila mtu anapokosa cheo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama kabila, jinsia, ujauzito na dini, na upandishaji vyeo umo ndani ya katazo hilo. Haimpi mtu haki ya kupanda. Inampa haki ya kutonyimwa kwa sababu hizo. Nimeyaona malalamiko ya kweli na nimeyaona ya uzushi, na kilichoyatofautisha mara nyingi kilikuwa karatasi.

Muda wa kuomba nao una uzito. Katika kampuni nilizofanyia kazi bajeti ya mishahara huandaliwa Novemba, kwa hiyo anayekuja Januari hujibiwa "mwakani" kwa nia njema kabisa. Njoo Septemba au Oktoba.

Ukikubaliwa, usifurahie namba ya kwanza unayoisikia. Chukua mfano wa mtu anayetoka 900,000 kwenda 1,300,000 kwa mwezi. Baada ya asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, anayepata 900,000 hupeleka nyumbani 729,500, na mwenye 1,300,000 hupeleka 991,000. Nyongeza ya 400,000 imekuwa 261,500. Kama cheo kipya kinakuondolea malipo ya saa za ziada uliyokuwa ukipata kila msimu, piga hesabu hiyo kabla ya kushukuru.

Kisha subiri barua. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri kurekebisha maelezo ya ajira na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi masharti yanapobadilika. Isome barua hiyo ukitafuta tarehe ya kuanza, mshahara, majukumu na kipindi cha matazamio, ambacho kampuni nyingi hukiweka hata kwa mtu waliyemlea wenyewe. Kama kipo, uliza swali moja ambalo watu huona haya kuliuliza: nisipofaulu matazamio, narudi kwenye kiti changu cha zamani, au kitakuwa kimeshapata mtu? Jibu lake nalo liandikwe.