Kuuguza ndugu wengi kwa Waaborijini wa Australia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Anayeuguza watu wasio wazazi wake hapati malipo.
Ukweli: Kwa jamii nyingi za Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, dada wa mama ni mama na kaka wa baba ni baba. Anayesema "mama mdogo" na "baba mkubwa" hahitaji kuelezwa zaidi. Serikali nayo haidai undugu wa damu, inauliza huduma unayotoa. Carer Payment, malipo ya serikali kwa anayeuguza, ni pesa ya kujikimu na hupungua kipato kikipanda. Tangu Machi 2025 unaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 100 kwa wiki 4. Carer Allowance ni nyongeza, hata kwa mwenye mshahara. Kila mgonjwa ana fomu zake, na sehemu moja hujazwa na mhudumu wa afya. Sehemu hiyo ikibaki tupu, ombi hukwama.

Dhana: Huduma za wazee huanza miaka 65.
Ukweli: Kwa Mwaborijini ni 50. Piga 1800 200 422, namba ya My Aged Care, huduma ya serikali kwa wazee.

Dhana: Familia ikisajiliwa, wote hupata nafuu ya dawa.
Ukweli: Mpango wa nafuu ya dawa wa Closing the Gap, ulioanza 2010, husajili mtu mmoja mmoja, mara moja tu. Aliyesajiliwa mwenye kadi ya unafuu (concession card ya serikali) halipi kitu kwa dawa zilizo kwenye orodha ya serikali. Asiye nayo hulipa bei ndogo, ile anayolipa mwenye kadi ambaye hakusajiliwa. Mara nyingi mama kasajiliwa, mjukuu kasahauliwa.

Dhana: Mfamasia akishapanga vidonge kwenye pakiti, kazi imekwisha.
Ukweli: Pakiti ya wiki ina vishimo 28: siku 7, nyakati 4. Insulini na dawa za kuvuta haziingii humo, kwa hiyo andika orodha yake ubandike kwenye friji. Balaa huanza daktari anapobadilisha dozi Jumatano: pakiti mpya inakuja, ya zamani ingali kabatini, mgonjwa anameza zote mbili. Irudishe ile ya zamani duka la dawa siku hiyohiyo. Kama wagonjwa ni watatu, kila pakiti iwe na rangi yake na jina kwa herufi kubwa, hasa majina yakifanana.

Dhana: Kukosa mashine ya figo mara moja si neno.
Ukweli: Kwa kawaida damu husafishwa mara 3 kwa wiki, saa 4 hadi 5 kila mara. Ukiruka, maji hujaa mapafuni na potasiamu hupanda, moyo ukaweza kusimama ghafla. Siku ya msiba ndipo wengi hukosa, maana mazishi hayasubiri ratiba. Piga simu kliniki mapema uombe nafasi kule mnakokwenda. Wala si lazima kuhamia mjini moja kwa moja: mnada wa picha za wachoraji wa Jangwa la Magharibi mwaka 2000 ulichangisha zaidi ya dola milioni moja, ndizo zilizoanzisha Purple House, shirika la kusafisha damu la mji wa Alice Springs, ambayo leo ina mashine vijijini na lori lenye viti vya kusafishia damu.