Huhitaji dola 150 kuwa mwendesha mchezo Lubumbashi

Muulize kijana wa Lubumbashi aliyewahi kutazama video za watu wakicheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa nini yeye hajaanza kuuendesha. Atakujibu: pesa. Ameona meza iliyochongwa, sanamu zilizopakwa rangi, dadu zinazong'aa na mwendesha mchezo mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, akajipapasa mfukoni na kukata tamaa. Kumbe kazi ya mwendesha mchezo, au MJ (meneur de jeu) kama tulivyozoea kumwita kwa Kifaransa, ni kueleza mahali, kuwauliza wachezaji wanafanya nini, na kuamua kinachofuata, huku dadu zikisaidia pale ambapo hakuna anayejua matokeo. Hayo hayauzwi dukani.

Gharama zipo. Ila haziko pale watu wanapozitafuta, nami nitazifikia.

"Bila vitabu huanzi"

Dhana hii ina chembe ya ukweli. Dungeons & Dragons, unaojulikana kuliko michezo yote ya aina hii, una vitabu vikuu vitatu, na Marekani kila kimoja kinauzwa karibu dola 50. Ukiongeza gharama ya kukisafirisha mpaka Katanga, bora ununue simu.

Lakini kanuni za msingi za mchezo huo ni za bure, tena kisheria. Januari 2023 kampuni inayoumiliki, Wizards of the Coast, ilitaka kubadilisha leseni ya kutumia kanuni hizo iliyokuwepo tangu mwaka 2000. Wachezaji wakaja juu, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni hizo chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake unaruhusiwa kuzipakua, kuzitoa fotokopi, kuzitafsiri kwa Kiswahili, hata kuiuza tafsiri yako, mradi useme zilikotoka. Zipo pia kwa Kifaransa. Kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika na zile PDF za wizi zinazozungushwa WhatsApp, nusu ya kurasa zikiwa zimepigwa picha upande.

Usizichape zote, ni kurasa kama 400. Ziache kwenye simu, utoe fotokopi ya karatasi za wahusika tu, zile ambazo kila mchezaji anaandika uwezo wa mhusika wake. Au uanze na mchezo mdogo kabisa, na mimi ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza. Mwaka 2013 John Harper alitoa bure Lasers & Feelings, mchezo wa wasafiri wa anga ambao wote unaenea kwenye ukurasa mmoja. Mhusika ana namba moja, kati ya 2 na 5. Akitumia akili na mitambo, anataka dadu itoe chini ya namba hiyo. Akitumia moyo na maneno, anataka itoe juu yake. Mchezaji anaelewa kabla chai haijapoa. Kwa wanaopenda mapango na misitu ya hatari kuna Cairn wa Yochai Gal, nao ni wa bure.

Tena, hao walioanzisha jambo hili hawakuwa matajiri. Toleo la kwanza la Dungeons & Dragons, la Gary Gygax na Dave Arneson, lilitoka mwaka 1974: nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, vikipangwa kwa mikono na kuuzwa dola 10.

"Na hizo dadu za ajabu nitazipata wapi?"

Dadu yenye nyuso 20 huioni kwa urahisi sokoni kwetu, ni kweli. Karata lakini ziko kila mahali. Toa jokeri na karata zote zenye picha za watu, zitabaki 40. Ree ihesabu moja. Karata nyekundu isome kama ilivyo, nyeusi iongeze kumi: saba ya kopa ni 7, saba nyeusi ni 17. Kila namba ina karata mbili kati ya 40, yaani nafasi moja kati ya 20, sawasawa na dadu yenyewe. Sharti ni moja: kila karata iliyovutwa irudishwe na zichanganywe upya. Usipoirudisha, wajanja watahesabu zilizotoka na wataanza kuchagua wakati wa kujaribu bahati.

Ukitaka nyuso 12, chukua dadu ya ludo na sarafu: sarafu ikilala upande mmoja unasoma dadu ilivyo, upande wa pili unaongeza sita. Wanaoona haya ni ubahili wajue kwamba mwaka 1979, dadu zilipokuwa haba, kampuni yenyewe iliyotengeneza Dungeons & Dragons iliweka vikaratasi vyenye namba ndani ya masanduku ya wanaoanza. Mnunuzi alivikata, akavitia kwenye kikombe, akachomoa kimoja.

"Lazima kuwe na ramani na sanamu"

Hapana. Watu wengi hucheza kwa maneno matupu. Mkibishana nani amesimama wapi, vifuniko vya chupa za bia ya Simba vinatosha, vilivyokunjika ni maadui. Baadhi ya madude mashuhuri ya mchezo huo, likiwemo lile nusu bundi nusu dubu, yalizaliwa kutokana na vinyago vya plastiki vya bei ya chini vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo Gygax alivinunua na kuviweka mezani bila kujua ni wanyama gani.

"MJ anakuja na hadithi nzima kichwani"

Hii ndiyo inayowaua wengi, kuliko hata bei. Mtu anaandika daftari zima: mfalme, baba wa mfalme, vita vya miaka mia, hotuba ya mzee wa kijiji. Wachezaji wanafika, hawataki kumsikiliza mzee, wanataka kwenda kuiba mtumbwi. Daftari linafungwa na MJ ananuna.

Na mji huu una mwalimu wake katika jambo hili. Kundi la maigizo la Mufwankolo, lililocheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwa miaka mingi, halikuwa linakariri maandishi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nalo mwaka 1986 lilipokuwa likitunga igizo juu ya mamlaka na jinsi yanavyoliwa, na aliyoyaandika yanaonyesha namna walivyofanya kazi: wanakubaliana tukio gani linafuata lipi na nani anataka nini, kisha maneno yanazaliwa palepale. Wale wanaosema Kiswahili hakifai kwa michezo hii wakumbuke hilo. Kanuni zisome kwa Kifaransa ukipenda. Mezani watu waongee kama wanavyoongea nyumbani.

Maandalizi yangu ninayoyapenda hayazidi nusu ukurasa. Tuseme ni zama za mfalme Msiri aliyetawala Katanga, kabla hajauawa mwaka 1891. Wachezaji ni wapagazi wanaopeleka Bunkeya, makao yake makuu, misalaba ya shaba, ile iliyokuwa ikitumika kama fedha. Wamefika ng'ambo ya mto Lufira, na mzigo mmoja haupo. Naandika watu watatu na shida zao: kiongozi wa msafara anaogopa kufika amepungukiwa; mvushaji ana deni; mpagazi kijana anataka kutoroka arudi kwao. Basi. Sijui nani mwizi. Mezani inakuwa hivi:

"Mvushaji anasema mtumbwi wake haubebi shaba usiku. Anakwepa macho yenu. Mnafanya nini?"

"Mimi namsogelea, namwamkia kwa heshima. Baba, nani alipita hapa kabla yetu?"

"Unamtisha au unambembeleza?"

"Nambembeleza. Nampa tumbako."

"Rusha dadu mbili."

Sita na mbili, nane. Natumia utaratibu ulioenezwa na mchezo wa mwaka 2010 wa Vincent na Meguey Baker: kumi na kuendelea umefaulu, saba hadi tisa umefaulu ila kuna cha kulipa, sita kushuka mambo yanageuka. Kwa dadu mbili za kawaida, bila nyongeza yoyote, kufaulu kabisa ni nafasi 6 kati ya 36, kufaulu kwa gharama ni 15, na mambo kugeuka ni 15. Ndiyo maana hadithi haisimami: dadu hazisemi tu "hapana".

"Anakutajia jina. Lakini wakati anaongea, mwanawe ametoka kwa nyuma. Mnamsikia akikimbia kuelekea kijijini."

Sikuwa najua kama mvushaji ana mtoto. Sasa anaye, na watu wanne mezani wameinuka kwenye viti.

Kuhusu kukariri kanuni zote: hakuna anayezikariri. Ukisahau, amua kwa haki, sema wazi kwamba mtaangalia baadaye, mchezo uendelee. Na wewe si adui wa wachezaji. Ukitaka kuwaua wote unaweza kuangusha mlima, kwa hiyo hakuna sifa yoyote katika kuwashinda.

"Ni mchezo wa mashetani"

Kwetu hili si la kuchekwa. Mama akisikia mwanawe anasema "mimi ni mchawi wa daraja la tatu", keshokutwa mchungaji yuko sebuleni.

Hofu hiyo ina historia yake. Marekani, miaka ya 1980, makanisa na vyombo vya habari viliusema sana mchezo huu. Patricia Pulling, mama aliyekuwa amefiwa na mwanawe mwaka 1982, aliulaumu mchezo huu kwa kifo hicho na kumshtaki mkuu wa shule ya mwanawe, kesi ikatupwa, naye mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini watafiti waliofuatilia madai hayo hawakupata ushahidi kwamba mchezo unasababisha vifo au ibada za kishetani. Gygax mwenyewe alikuwa Mkristo. Kinachofanyika mezani ni watu kusema "mhusika wangu anafanya hivi" na kurusha dadu. Hakuna anayeomba wala kuita chochote.

Hata hivyo, ukweli huo hautamtuliza mzazi ukimkuta umejifungia chumbani na mshumaa kwa sababu umeme umekatika. Cheza mchana, kwenye lupango, yaani uani, mbele za watu. Anza na hadithi isiyo na uchawi: msafara wa shaba, wapelelezi, mafundi wanaotafuta pampu iliyoibiwa. Mama akipita, mwombe aseme huyu mvushaji angejibu nini. Nimeona mama akikaa kwa dakika moja na kumaliza saa nzima, akiwa mvushaji mwongo kuliko wote.

"Mchezo wa bure haugharimu"

Sasa gharama. Mchezaji mmoja anatoka Katuba, mwingine Ruashi, na nauli ya taksi-basi ni kwenda na kurudi. Mchezo ukilegea, kinachoanza kukosekana ni hiyo nauli. Nimeona meza zikifa kwa sababu hiyo, na sijaona iliyokufa kwa kukosa dadu ya nyuso 20. Kwa hiyo pesa ikipatikana, isiende kwenye kitabu. Wachezaji watatu au wanne wanatosha. Panga mchezo wa muda wa saa mbili, si tano kama wale wa video. Chagua alasiri ya Jumapili baada ya ibada, mmalize kabla ya giza ili watu warudi salama. Zungukeni nyumba kwa nyumba, safari ndefu isimwangukie mtu mmoja kila wiki. Asiyefika, mhusika wake amebaki kulinda mizigo, na mnacheza.

Changeni karanga na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Mwenye lupango asichangishwe, ameshatoa kivuli na viti.