Je, wajua kwa nini kompresa ya bunduki ya upepo hufa kwa sababu ya kipande cha mpira?

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 na kidogo (baa ni kipimo cha presha). Kompresa ya gereji hufika baa 8 au 10. Bunduki ya upepo yenye mtungi wake ndani hutaka baa 200 hadi 300, kwa hiyo kompresa yake ni mashine ya aina nyingine kabisa, na mpya si ya kila mfuko. Ndiyo maana wengi hutafuta zilizotumika, hasa ile ambayo mwenyewe anasema, "Inawaka, lakini haijazi." Kwangu mimi, hiyo ndiyo ya kwenda kuiangalia kwanza.

Kompresa ndogo hubana upepo kwa hatua mbili: pistoni pana huanza, nyembamba humalizia. Chukua pistoni nyembamba ya milimita 8, inayokaribia unene wa penseli. Kwenye baa 300, upepo unaisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150 hivi. Kinachozuia upepo huo usipenye pembeni ni sili ndogo inayosugua chuma bila kupumzika, tena kwenye joto, maana upepo ukibanwa huchemka. Sili ikiisha, presha haipandi tena, ingawa mota, krenki na silinda bado ni vizima.

Oringi, zile pete za mpira zinazoziba maungio, nazo zina kifo chao. Itoe iliyochoka, uiinamishe kwenye mwanga: utaona vilengelenge na nyufa ndogondogo. Upepo wa presha hupenya ndani ya mpira wenyewe; ukiachiwa ghafla, hutoka kwa fujo na kuupasua kutoka ndani. Kwa hiyo fungulia upepo polepole, na ukibadilisha oringi tafuta zile ngumu zaidi. Zipake grisi ya silikoni, siyo grisi ya magari, kwa kuwa mafuta yake yatokanayo na petroli kwenye upepo wa presha na joto kubwa yanaweza kuwaka.

Maji ndiyo watu huyasahau. Hewa ya joto yenye unyevu hubeba gramu 20 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ukijaza mtungi wa lita 7 hadi baa 300 umebana karibu mita 2 za ujazo, yaani vijiko vikubwa viwili vitatu vya maji. Yasipotolewa kwenye vali ya kumwagia, huishia ndani ya kompresa na ndani ya bunduki, na kutu huanza. Kabla ya kununua, fungua kifuniko cha oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Shusha bei au ondoka.

Kisha iwashe ikiwa imezibwa kwa kiziba kinachohimili presha hiyo, mkononi una saa. Hadi baa 200 nyingi hujikaza. Baa 100 za mwisho ndizo husema ukweli. Ikifika, izime na uitazame geji kwa dakika kumi. Mshale kushuka kidogo ni kawaida, kwa sababu upepo unapoa. Ukiendelea kushuka, paka povu la sabuni kwenye maungio, mapovu yatakuonyesha panapovuja. Usikaze nati yoyote wakati ndani bado kuna presha. Toa upepo wote kwanza.

Silinda ikiwa na michirizi ambayo kucha inaihisi, iache, kwa sababu sili mpya itachanwa upesi. Angalia pia kibati cha usalama, kile chembamba kilichowekwa makusudi kipasuke presha ikizidi. Nimeona mahali pake pamewekwa kipande cha bati kilichokatwa kwa mkono. Mashine ya namna hiyo isiwashwe hata kwa kujaribu, mpaka iwekwe kibati halisi cha kipimo chake.