Taa za kuongozea magari haziwekwi kwa wingi wa saini

Barua za kuomba taa kwenye makutano ya barabara zimeongezeka, na nyingi zinafanana: magari ni mengi, ajali zimezidi, tuwekeeni taa. Nia ni njema. Lakini orodha ya saini, hata iwe ndefu kiasi gani, haisogezi ombi mbele.

Sisi wahandisi wa barabara tunaanza kwa kuhesabu. Mpira mwembamba mweusi unaouona umelazwa barabarani ndio unaohesabu magari, saa baada ya saa, katika siku ya kawaida ya kazi. Tafadhali usiung'oe. Ni mali ya umma, anayeuharibu anaweza kushtakiwa, na hesabu yote hulazimika kurudiwa.

Hesabu hiyo hulinganishwa na vigezo vya kuweka taa, navyo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mwongozo wa Marekani, unaorejewa na wahandisi wengi, unavyo 9. Cha kwanza, kwa barabara zenye njia moja kila upande, kinataka barabara kuu ipitishe magari 500 kwa saa, pande zote mbili zikijumlishwa, na barabara ndogo iingize 150 kutoka upande wake wenye magari mengi zaidi. Hali hiyo idumu kwa saa 8 za siku. Saa 8, si ile nusu saa ya asubuhi unayokwama wewe. Penye mwendo wa zaidi ya maili 40 kwa saa, viwango vinaweza kushushwa hadi 350 na 105. Vigezo vingine hutazama waenda kwa miguu, watoto wa shule, hata reli iliyo jirani.

Kwenye ajali ndipo tunapogombana na wananchi. Hatuhesabu kila ajali. Tunasoma taarifa za polisi moja moja, tukitafuta zile ambazo taa ingezizuia, hasa gari kugongwa ubavuni. Dereva mlevi aliyeparamia nguzo hayumo. Tena taa huleta ajali zake: wa mbele anafunga breki, wa nyuma anamvaa. Jiji la Philadelphia liliondoa taa kwenye makutano 199, likaweka vibao vya kusimama kila upande, na ajali zikapungua kwa takriban asilimia 24. Ilikuwa mitaa ya magari kwenda upande mmoja, kwa hiyo si kipimo cha kila mahali, ila anayedhani taa ni usalama mtupu alifikirie hilo.

Kigezo kikitimia, bado taa si lazima. Huenda ikatosha kukata matawi yanayoziba macho ya madereva, kuondoa maegesho ya pembeni, au kujenga kipilefti.

Ukituandikia, taja barabara zote mbili, siku na saa za tatizo, na nani anashindwa kuvuka. Kama uliona ajali isiyofikishwa polisi, andika tarehe yake, kwa sababu kwenye kumbukumbu zetu haipo.