Je, wajua kwa nini watu wa maisha tofauti huanza kukutana mkahawani na si nyumbani?

Ukipita Malindi jioni utaona meza ya watu sita saba, chai na viazi karai mbele yao, wanacheka, na hakuna anaewaangalia mara mbili. Huenda ni wafanyakazi wa benki wametoka kazini. Huenda pia ni watu wasiokula nyama wala maziwa, au marasta, au wale walioamua hawazai na basi, au watu wenye mambo yao ya ndani ambayo hutayasikia manake pale mezani hayasemwi kwa sauti. Sasa swali ni hili: watu ambao majirani wakijua watawasema wiki nzima, kwa nini wanakaa hadharani mchana kweupe badala ya kujifungia kwa mmoja wao?

Kwa sababu kujifungia ndo kunakozua maneno. Fikiria Lamu, vile vichochoro ambavyo punda akija na mzigo inabidi ujibanze ukutani, alafu usiku waingie watu wanane wasiojulikana kwenye nyumba ya msichana anaeishi peke yake, kabla ya adhana ya alfajiri mtaa mzima ushajua na kila mtu ana hadithi yake, wa uchawi yupo, wa unga yupo. Malindi ni kubwa kidogo lakini usidanganyike, hapa weita ni binamu yake mama yako na dereva wa tuktuk alisoma na kaka yako. Huwezi kujificha. Lakini watu wanane wanakula mkahawani? Aulize nani, na aulize nini? Wana njaa.

Hili limegunduliwa mara nyingi na watu wasiojuana kabisa. Mfano unaotajwa sana ni wa Palo Alto, California, mwaka 1992. Kulikuwa na watu wanaopenda yale mapenzi ya kufungana kamba na mmoja kumtawala mwenzake, kwa hiari ya wote wawili, waliokuwa wakiandikiana kwenye Usenet, ile mitandao ya maandishi matupu kabla ya hizi za picha. Walitaka kuonana ana kwa ana ila kwenda moja kwa moja kwenye sherehe zao ilikuwa inatisha wageni, hujui unaenda kukutana na nani. Basi wakaanza kukutana kwenye mkahawa wa baga. Nguo za kawaida, hakuna vifaa, hakuna mchezo wowote, mnakula baga mnaongea mnarudi makwenu. Mtindo huo ukaenea miji mingi ya Marekani na Ulaya na mpaka leo watu wa jamii zile ukiwaambia wewe ni mgeni watakutuma kwanza mezani ukale nao. Hata kama mambo yao hayakuhusu (mimi hayanihusu, nayasimulia tu), ufundi wa lile wazo ni wa kuigwa.

Ufundi wenyewe ni upi? Mkahawani hakuna mwenye nyumba. Ukinialika kwako nishakuwa na deni, lazima nile ulichopika hata kama sikipendi, lazima nikae mpaka pafike pa kuaga, na nikiona watu wenyewe siwapendi siwezi kusimama dakika ya kumi nikaondoka, nitakuwa nimekuvunjia heshima. Na wewe nae una mzigo, unahesabu vikombe, unawaza mama mkwe asije akatokea. Mkahawani kila mtu ni mgeni sawasawa, mlango uko wazi, ukichoka unasema "jamani mimi nawahi gari" na hakuna anaenuna. Kwa mwanamke ni zaidi ya adabu, ni usalama, hatoingia nyumba ya mwanamume aliyemjua kwa simu tu, na wala asiingie.

Watu wa pwani hili tunalo siku nyingi. Zile nyumba za mawe za Lamu zina daka mlangoni na baraza ya kukalia nje, mgeni wa kiume anazungumzishwa pale, anapewa kahawa, na ndani hafiki. Pale Mkunguni mbele ya ngome wazee wanakaa na muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe vidogo, anaekaa anakaa, anaeondoka anaondoka. Mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, aliandika mwaka 1989 kuhusu "mahali pa tatu", yaani si nyumbani wala kazini, ambapo watu hukaa bila cheo. Mzee yeyote wa barazani angemwambia karibu kahawa, umechelewa.

Na si kwamba pahali hapo pana usalama wa milele. Makka mwaka 1511 gavana Khair Beg alipiga marufuku kahawa, na kilichomkera hasa kilikuwa ile mikusanyiko ya wanywaji. London mwaka 1675 mfalme Charles II akatoa amri mikahawa ya kahawa ifungwe, watu wakapiga kelele mpaka akairudisha nyuma siku chache tu baadae. Wakubwa walijua: kwa bei ya kikombe kimoja mtu yeyote anakaa na mtu yeyote.

Haya, tuje Malindi, na nichukue wasiokula nyama manake hao ndo nawajua kwa karibu. Watu wengi hudhani ni mambo ya wazungu wa juzi, lakini chama cha kwanza cha watu wasiotumia kitu chochote cha mnyama kilianzishwa Uingereza mwezi wa Novemba 1944, vita bado vinaendelea, na Donald Watson na wenzake wachache, na wao pia walianza kwa kukutana mahali na kukaa pamoja. Hapa kwetu meza kama hio hukaa na rasta pia, chakula chao cha ital, ambacho mara nyingi hakina nyama, kinakwenda njia moja na cha hawa, na hawa nao wamesumbuliwa sana mpaka Mahakama Kuu mwaka 2019 ikasema urasta ni dini, kwenye kesi ya msichana aliyerudishwa nyumbani na shule kwa ajili ya dredi.

Kazi ya kwanza ya mwenye kupanga ni kwenda mkahawani peke yake kabla ya wenzake. Wala usiangalie menyu, uliza jikoni. Menyu itakwambia maharagwe ya nazi, haitakwambia yamekaangiwa samli. Mchicha umetiwa supu ya ng'ombe. Mahamri ya huyu yana tui tupu, ya yule yana maziwa ya unga. Na weita, maskini, atakuuliza kwa roho safi kabisa, "Kuku nae, dada? Kuku si nyama." Ukikataa kuku atakuletea samaki. Usimcheke, mweleze mara moja polepole, mwambie mtakuja watu wangapi na saa ngapi, na huyo huyo siku ya siku ndo atakuwa anawaeleza wapishi. Mbaazi za nazi, viazi karai vya unga na ndimu, wali wa nazi na kachumbari, pwani mtu asiekula nyama hafi njaa bwana, anakufa njaa kwa samli iliyofichwa. Alafu angalia kama mkahawa unauza pombe. Ukiuza, nusu ya Waislamu wa kundi hawatakuja na hawatakwambia sababu, watasema tu wana harusi.

Saa nzuri ni baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Jua limepoa, mkahawa haujajaa, mwenye kuswali anawahi, na dada anaekaa mbali anapata tuktuk kabla giza halijaingia. Ijumaa mchana usithubutu. Ramadhani msipange chochote mchana, pangeni baada ya futari au subirini Idi ipite.

Kukaa nako kuna siri. Mtafiti Robin Dunbar na wenzake mwaka 1995 waliandika kuhusu makundi ya watu wanaozungumza kwa hiari, wakaona mazungumzo yakifika watu wanne hivi ndo mwisho, akija wa tano yanapasuka yanakuwa mawili. Kwa hio ukiwa na watu kumi usiwapange kwenye meza ndefu kama ya kikao cha harusi, wa pembeni watabaki wanatazama simu. Meza mbili tatu ndogo zilizokaribiana, na wewe mpangaji huna kiti maalum, unahama. Mgeni akiingia anatakiwa aonekane kabla hajaanza kuzubaa mlangoni, maana hapo ndo wengi hugeuka wakarudi nyumbani. Mwambie mapema kwenye simu utavaa nini, au kwenye meza kuna nini, kikapu chekundu, chochote, bora kisiwe bango lenye jina la kundi lenu kila apitae asome.

Picha hapana. Hapa mimi sina mjadala. Mtu mmoja akipiga selfi na kuiweka mtandaoni kwa furaha zake, nyuma yake yupo mwalimu wa madrasa ambae mke wake hajui kama ameacha nyama (sembuse wale wenye mambo mazito zaidi ya maharagwe). Majina pia, mtu akisema anaitwa Babu Nazi basi ni Babu Nazi, kazi yake na mtaa wake atasema mwenyewe akitaka.

Bili ndo imevunja makundi mengi kuliko umbea. Mwambie weita tangu mwanzo kila mtu na yake, na kila mtu alipe mwenyewe kwa M-Pesa kwenye namba ya mkahawa. Ukikubali kukusanya wewe, kuna mmoja ataondoka mapema na chai mbili na sahani ya bajia, atasema atakutumia, na wewe kwa aibu huwezi kumdai. Na yule mwenye pesa anaesema "leo mimi nalipia wote" mshukuru na umkatalie, manake akishalipa mara mbili meza ishakuwa yake, watu wataanza kungoja aongee kwanza.

Siku ikishachaguliwa, tuseme Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isihamishwe hata kama wote wametoa udhuru kwenye grupu isipokuwa mmoja. Enda, kaa nae, mle. Kuna watu husoma ujumbe kimya miezi na miezi wakijipa moyo, na siku watakayoamua kutoka hawatakuarifu, watapita tu kutazama kama kweli kuna mtu pale.