Jiwe la Bismarck Halikupangwa na Mtu

Mtu wa Dodoma akirudi kutoka Mwanza na picha ya Jiwe la Bismarck, kile kisiwa kidogo cha mawe karibu na gati la kivuko cha Kamanga, hakosi kuulizwa: "Wajerumani waliyapandishaje?" Wengine husema ni volkano iliyoyarusha.

Wajerumani waliacha jina tu, la kansela wao Otto von Bismarck. Na ile ni granaiti, mwamba mgumu unaotokana na uji wa moto wa mawe: iliganda chini kabisa ardhini zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, haikurushwa na chochote.

Ilipopoa na mzigo wa miamba ya juu yake kupungua, ilipasuka nyufa za wima na za ulalo, ikawa kama matofali. Maji yakapenya. Feldispa, madini mojawapo yaliyomo kwenye granaiti, ikaoza kuwa udongo, na pembe, zinazoshambuliwa pande tatu kwa pamoja, zikaliwa kwanza. Tofali likawa duara. Mvua ikaondoa udongo, mawe yakabaki yamekaliana palepale yalipozaliwa. Hakuna aliyeyabeba. Ziwa Victoria lenyewe ni mtoto mbele yake. Lilikuja baadaye sana likayazungushia maji.

Asiye na nauli ya Mwanza apande kilima cha Mlimwa hapahapa Dodoma, maana tuko kwenye bamba lilelile la miamba ya kale. Shika kingo za jiwe: magamba hubanduka kama ya kitunguu, na chini yake kuna changarawe yenye chembe zinazong'aa. Hizo ndizo zilizogoma kuoza. Mafundi wetu huzichanganya na saruji.